MAZUNGUMZO YA JIONI: Wimbo Uliofichwa Upande wa Pili



Wazee wetu wanaoikumbuka santuri wanajua jambo hili: kila sahani ilikuwa na pande mbili, lakini watu waliupenda upande mmoja. Upande wa kwanza ulipigwa mpaka ukachakaa na kukwaruza. Upande wa pili ulibaki unang'aa kama siku ulipotoka dukani, maana hapana mtu aliyejisumbua kuigeuza sahani. Ulihesabiwa kuwa nyongeza, kama ile konzi ya maharage anayotutilia mwuzaji baada ya kupima kilo yetu.

Jioni hii nataka tuigeuze sahani moja. Si sahani ya kwetu. Ilitengenezwa mwaka 1981 na bendi ya Manchester, mji wa viwanda ulioko kaskazini ya Uingereza. Bendi iliitwa New Order, na wimbo wenyewe ni "Everything's Gone Green", yaani Kila Kitu Kimekuwa Kijani. Ukimwuliza mtu anayependa nyimbo za Kizungu za miaka ile, atakutajia mara moja "Blue Monday", wimbo mwingine wa bendi hiyohiyo, uliotoka mwaka 1983 na kuuzwa kupita sahani nyingine zote za namna yake. Huu wa kijani huenda hajapata kuusikia. Hata hivyo nasema ya kwamba bila huu, ule usingalikuwapo. Tena nyuma ya wimbo huu ipo habari ya watu waliofiwa, nayo inafaa kusikilizwa katika nyumba yo yote.

VIJANA WA MANCHESTER

Bernard Sumner na Peter Hook walisoma shule moja huko Salford, mji unaopakana na Manchester. Siku zile viwanda vya pamba vilivyoupa mji ule utajiri vilikuwa vimefungwa kimoja baada ya kingine, na vijana wengi hawakuwa na kazi ya maana. Tarehe 4 Juni 1976 wawili hao walikwenda kusikiliza bendi ya Sex Pistols kutoka London. Waliohudhuria walikuwa wachache, na bendi yenyewe ilisifika kwa makelele kuliko kwa ustadi. Lakini vijana wetu walitoka mle wakiwa na wazo moja: kama hawa wanaweza, na sisi twaweza. Kesho yake Hook alikwenda kununua gita la besi, naye hajui hata kulishika.

Wakampata mwimbaji, Ian Curtis, na mpiga ngoma, Stephen Morris, wote wawili wa Macclesfield. Tangu mwaka 1978 bendi yao ilijulikana kwa jina la Joy Division. Muziki wa akina Sex Pistols ulikuwa wa hasira na haraka. Waliofuata baada yao walipunguza hasira, wakaongeza vinanda vya umeme na mafumbo, na magazeti ya Kiingereza yakauita muziki huo Wimbi Jipya. Joy Division walikuwa katika wimbi hilo, nao walikuwa na sauti isiyofanana na ya mtu mwingine: besi iliyoimba juu juu kana kwamba ni gita la solo, ngoma kavu, na sauti nzito ya Curtis iliyosikika kama inatoka shimoni.

KIFO CHA MWENZAO

Curtis hakuwa mhuni. Alikuwa mtumishi wa serikali katika ofisi ya kuwatafutia watu kazi, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuwasaidia walemavu. Alikuwa na mke na binti mdogo. Mwanzoni mwa mwaka 1979 madaktari waligundua kwamba ana kifafa. Mara nyingine alianguka jukwaani mbele ya watu, na watazamaji wengine walidhani ni namna yake ya kucheza. Dawa alizopewa zilimlegeza na kumtia huzuni. Nyumbani nako ndoa yake ilikuwa imeingia matatani.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana vijijini kwetu bado wako wanaomkimbia mwenye kifafa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi, wala kwa mate, wala kwa kugusana. Mtu akianguka, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu cho chote kinywani, kaa naye mpaka azindukane. Baadaye apelekwe hospitali, na dawa asiziache bila ruhusa ya mganga.

Tarehe 18 Mei 1980, siku moja kabla ya bendi kusafiri kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, Ian Curtis alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 23. Yeye ndiye aliyeyaandika maneno ya nyimbo zao, na maneno hayo yalikuwa yamejaa habari za mtu aliyechoka, anayeomba kusikiwa. Wenzake wamekiri miaka iliyofuata kwamba hawakuyapa maneno yale uzito. Walisikiliza ngoma, walisikiliza besi, walidhani maneno ni usanii tu. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kidogo, nao hawakujua. Sisi tuliokaa mbali hatuna haki ya kuwahukumu wao, wala marehemu.

WALIOBAKI

Je, waliobaki wafanye nini? Fikiri, msomaji. Mwimbaji hayupo. Mwandishi wa maneno hayupo. Sahani yao kubwa ya mwisho, iliyorekodiwa wakati Curtis yu hai, ilitoka mwezi wa Julai 1980, na watu walimiminika kuinunua kwa sababu ya kifo chake. Wangaliweza kumtafuta mwimbaji mwenye sauti kama ya marehemu, wakaendelea kulitumia lile jina na kupata fedha. Hawakufanya hivyo. Jina la Joy Division waliliacha pamoja na mwenye sauti yake, wakachukua jina jipya la New Order.

Tarehe 29 Julai 1980 walisimama tena jukwaani Manchester, watu watatu tu. Swali la nani aimbe halikuwa na jibu, basi wote watatu walijaribu, kila mmoja na wimbo wake, hata mpiga ngoma. Mwezi wa Septemba walikwenda Marekani, ile safari waliyokuwa waende pamoja na Curtis. Kumbe matatizo hayakuwa yamekwisha! Walipokuwa New York wezi waliiba ala zao zote, magita na ngoma na vinanda. Walipiga nyimbo zao kwa ala za kuazima.

Waliporudi, mwezi wa Oktoba 1980, walimwongeza mtu wa nne. Hawakumchukua mpigaji hodari mwenye jina. Walimchukua Gillian Gilbert, msichana mwanafunzi aliyekuwa rafiki wa Stephen Morris (walikuja kuoana mwaka 1994), kwa sababu hakuwa bado na mazoea ya kupiga kwa namna fulani. Angejifunza pamoja nao. Hatimaye kazi ya kuimba ilimwangukia Sumner, mpiga gita, ambaye hakuwa mwimbaji wala hakutaka kuwa mwimbaji.

Hapo ndipo yalipotokea mageuzi. Sumner aliona vigumu kuimba na kupiga gita kwa wakati mmoja. Akiimba, gita lilinyamaza. Akishika gita, maneno yalikoma. Basi ilibidi kitu kingine kijaze pengo lililobaki. Wakatia vinanda vya umeme, na mashine ndogo ya kupiga ngoma.

MASHINE INAYOSUKUMA KINANDA

Mashine ile ilikuwa kijisanduku chenye vitufe. Unaipangia mapigo, nayo inayapiga bila kuchoka na bila kukosea. Lakini waligundua jambo jingine. Kila inapopiga, mashine hutoa mpigo mdogo wa umeme; na mpigo huo ukipitishwa kwa waya mpaka kwenye kinanda, unaweza kukifanya kinanda kilie kwa kufuata mapigo yaleyale. Basi mashine ikawa inakisukuma kinanda, kama maji ya mfereji yanavyousukuma mtambo wa kusagia nafaka. Mtu akibonyeza sauti moja na kuishikilia, sauti hiyo inakatwakatwa vipande vidogo vidogo, tu-tu-tu-tu, kwa kasi ambayo kidole hakiwezi.

Ufundi wa namna hii haukuwa mgeni kabisa duniani. Mwaka 1977 Donna Summer, mwimbaji wa Marekani, na Giorgio Moroder, Mwitaliano aliyefanya kazi Munich katika Ujerumani, walikuwa wametoa "I Feel Love", wimbo ambao karibu wote ulipigwa na mashine. Ule ulikuwa muziki wa dansi, wa kumbi zenye taa. Vijana wengi wa Wimbi Jipya waliudharau muziki wa dansi. Waliona ni mwepesi mno kwa watu wenye fikira nzito. Akina Sumner waliusikiliza bila dharau, wakatwaa mapigo yake, wakayatia huzuni yao juu. Jambo hilo halikuwa limefanywa na bendi yao kabla ya "Everything's Gone Green". Huzuni na dansi vilikutanishwa katika wimbo mmoja.

Aliyesimamia kurekodi alikuwa Martin Hannett, fundi yuleyule aliyezirekodi nyimbo zote kubwa za Joy Division. Naye alikuwa amefiwa kama wao, maana alimpenda sana Curtis na sauti yake. Kazi ilikuwa ngumu. Hannett hakuwaamini waliobaki, nao walianza kutaka sauti ya ngoma na besi itoke kwa nguvu kuliko alivyopenda yeye. Wimbo huu ukawa kazi yao ya mwisho pamoja. Lakini kwa kukaa naye na kumtazama anavyofanya walikuwa wamejifunza ufundi wake, na mwaka uliofuata walisimamia kurekodi wimbo wao "Temptation" wenyewe. Hannett alifariki mwaka 1991.

KWA NINI SAHANI PANA?

Sasa tuingie darasani kidogo, maana wimbo huu hauelezeki bila kuieleza sahani yenyewe.

Wazee watakumbuka nyimbo za rumba za Kongo, na za bendi zetu za Dar es Salaam na Nairobi, katika zile sahani ndogo za inchi 7. Mara nyingi karatasi ya katikati iliandikwa "sehemu ya kwanza" upande huu, na "sehemu ya pili" upande wa nyuma. Wimbo ulikatwa katikati. Magita yanaanza kupanda, wachezaji wamepamba moto, mara sauti inafifia na sindano inafika mwisho. Mtu anakwenda kuigeuza sahani, na wachezaji wanasimama wakingoja. Kwa nini? Kwa sababu sahani haikuwa na nafasi.

Sahani ina mfuo mmoja mrefu uliojizungusha kutoka ukingoni mpaka karibu na katikati, kama jembe lingelima shamba la duara bila kuinuliwa hata mara moja. Ndani ya mfuo huo sindano hutikisika huku na huku, na mtikisiko huo ndio sauti. Sauti nyembamba hutikisa kidogo. Sauti nzito, kama besi na ngoma kubwa, hutikisa sana, na mfuo wake huhitaji kupinda kwa upana. Mkulima mwenye shamba dogo akitaka mistari mingi, hana budi kuisogeza karibu karibu. Fundi wa sahani naye, akitaka dakika nyingi katika sahani ndogo, hana budi kuibana mifuo. Na ili isigongane, hupunguza besi na hupunguza nguvu ya sauti. Kwa hiyo wimbo mrefu katika sahani ndogo hutoka mnyonge.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mzingo wa duara ni upana wake mara 3.14. Sahani ya inchi 7 ina upana wa sentimita 18 hivi. Mzingo wake ukingoni ni karibu sentimita 56. Sahani ya inchi 12 ina upana wa sentimita 30 na nusu. Mzingo wake ni karibu sentimita 96. Zote mbili zikizunguka kwa mwendo mmoja, katika mzunguko mmoja sindano ya sahani ndogo hutembea sentimita 56, na ya sahani pana hutembea 96. Sauti ileile imepewa njia ndefu zaidi ya kujieleza. Hata sauti nyembamba za matoazi hutoka safi.

Sahani pana zilikuwapo tangu zamani, ila zilitumika kwa kukusanya nyimbo nyingi pamoja. Kuipa wimbo mmoja sahani nzima ya inchi 12 lilikuwa jambo la bahati. Katikati ya miaka ya 1970, huko New York, Tom Moulton, mtu wa kutengeneza nyimbo za dansi, alikwenda kwa fundi wake José Rodriguez ili akatiwe sahani ya majaribio. Sahani tupu za inchi 7 zilikuwa zimekwisha. Fundi akachukua ya inchi 10. Moulton alipoiona mifuo imejikusanya mahali pamoja na sehemu kubwa ya sahani ni tupu, akaona ni kichekesho, akamwomba fundi aitawanye mifuo na kuongeza nguvu. Waliposikiliza walishangaa, hawakuwa wamepata kusikia sauti kubwa na safi namna ile. Kutoka inchi 10 wakahamia 12. Mwaka 1976 sahani ya kwanza ya namna hiyo iliuzwa madukani kwa watu wote: "Ten Percent" wa kundi la Double Exposure, wimbo uliorefushwa na Walter Gibbons ukazidi dakika tisa.

Basi wapiga sahani katika kumbi za dansi walipata chombo chao. Wimbi Jipya nalo likafuata.

ULIVYOSAHAULIWA

Mwezi wa Septemba 1981 New Order walitoa sahani ndogo ya inchi 7. Upande wa kwanza ulikuwa na wimbo "Procession". Upande wa pili, "Everything's Gone Green", tena umefupishwa ili uenee. Katika orodha ya nyimbo zilizonunuliwa Uingereza sahani hiyo ilifika nafasi ya 38, kisha ikashuka. Mwezi wa Novemba ilitoka sahani yao kubwa ya kwanza, "Movement", na wimbo huu haukutiwa humo. Mwezi wa Desemba wimbo ulitolewa kwa urefu wake, dakika tano na nusu hivi, katika sahani ya inchi 12. Lakini aliyeutoa hakuwa Factory, kampuni yao ya Manchester; lilikuwa tawi la Ubelgiji, katika mji wa Brussels. Huko Uingereza kwenyewe ilibidi sahani iingie kama bidhaa ya kigeni.

Juu ya hayo lilifanyika kosa. Upande wa nyuma wa sahani hiyo pana ulikuwa na nyimbo mbili, "Mesh" na "Cries and Whispers", na majina yao yalibadilishana mahali. Mwenye kusikiliza mmoja alidhani anasikiliza mwingine. Kosa hilo lilidumu miaka. Hata mwaka 1987, nyimbo zao zilipokusanywa katika "Substance", mmoja ulipewa jina la mwenzake.

Kisha tarehe 7 Machi 1983 ikatoka "Blue Monday". Ni wimbo wa zaidi ya dakika saba, na hapo mwanzo ulitolewa katika sahani ya inchi 12 tu, bila sahani ndogo. Mashine, kinanda kinachosukumwa, besi inayoimba juu, sauti ya Sumner isiyo na mapambo: yote yaliyojaribiwa katika ule wa kijani yalikuja humo yamekomaa. Uliuzwa nakala zaidi ya milioni moja katika Uingereza peke yake. Watu wakasema, tazama, wimbo mpya umeshuka kutoka mbinguni! Haukushuka. Ulipandwa mwaka 1981 upande wa pili wa sahani ndogo. Wahenga walituambia tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, na hapa ndipo neno hilo linapofaa.

UUSIKILIZE HIVI

Siku hizi wimbo huu waweza kuupata kwa simu ya kijana wako. Mwombe akutafutie ule mrefu wa sahani ya inchi 12, maana ule mfupi unafifia kabla mambo hayajaiva. Usiusikilize kwa kipaza sauti kidogo cha simu; chomeka spika au visikizio, kwani kwenye simu besi hupotea, na wimbo bila besi ni ugali bila mboga.

Mara ya kwanza fuata mashine peke yake. Sikiliza inavyokwenda bila kupumzika, kama gari moshi la usiku. Mara ya pili fuata besi ya Hook. Mara ya tatu fuata sauti ya mwimbaji. Si sauti nzuri kwa kipimo cha kwaya. Mwalimu wa kwaya angemrudisha nyuma. Inasikika ni ya mtu asiye na hakika kama mahali pale ni pake. Maneno ni machache, ya mtu aliyechanganyikiwa, anayetaka msaada, wala hajui aombe kwa nani. Kisha maneno yanakwisha, na muziki hausimami. Gita na mashine zinaendelea, zinapanda, dakika nzima na zaidi, kama watu waliokwisha kulia ambao bado wana safari ya kutembea.

Hapo ndipo utakapoona faida ya sahani pana. Katika sahani ndogo sehemu hiyo ilikatwa. Wauzaji walijua kwamba wimbo ni maneno, na maneno yakiisha wimbo umekwisha. Lakini katika wimbo huu jambo kubwa linatokea baada ya maneno kwisha.

LA KUJIFUNZA

Nimekueleza habari hii ndefu ya watu wa mbali kwa sababu moja. Aliyefiwa huhitaji nafasi. Sisi tunao matanga, na majirani wanaokuja na kuni na maji. Jambo hilo ni zuri. Lakini matanga yakianuliwa, mara nyingi twamtaka mfiwa awe kama zamani, acheke, alime, aimbe sauti yake ya kwanza. Wale wa Manchester hawakuwa na sauti ya kwanza ya kurudia. Tangu kifo cha mwenzao hadi wimbo huu ilipita zaidi ya mwaka, na muda wote huo walijaribu na kushindwa, wakaibiwa, wakagombana na fundi wao. Mtu angewatazama mwezi wa sita, angesema wamekwisha. Hawakuwa wamekwisha, walikuwa bado wanatafuta.

Na lile la kwanza lisisahauliwe. Maneno ya Ian Curtis yalisikika na maelfu, na hayakusikilizwa na walio karibu. Ukiwa na mtu nyumbani mwako, kijana au mzee, anayesema mara kwa mara kwamba amechoka kuishi, usidhani ni maneno tu. Kaa naye. Mwulize waziwazi, kumwuliza hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo. Usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za shamba na vitu vya hatari, mpeleke hospitali au zahanati. Maneno ya namna hiyo mara nyingi hufichwa upande wa pili, nyuma ya mzaha au kimya, na haina budi mtu ageuze sahani ili ayasikie.

MWENYE SAHANI ZA ZAMANI

Namalizia na shauri kwa wenye sahani za baba au babu katika sanduku. Msizitupe, wala msiwape watoto wachezee. Zisimamisheni wima kama vitabu. Zikilazwa nyingi moja juu ya nyingine, za chini hupinda na kuharibika. Ziwekeni mbali na jua, wala si darini chini ya mabati, maana joto huzikunja kama chapati. Zishikeni kwa ukingo, msiguse mifuo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa laini kwa kufuata mzunguko wa mfuo. Zile nzito za kizamani kabisa, zinazovunjika kama kigae, msizisafishe kwa spiriti, kwa kuwa spiriti huziyeyusha.

Na kama santuri yenu bado yafanya kazi, au jirani anayo, fanyeni jambo moja jioni ya Jumapili. Chagueni sahani mnayoipenda sana, ambayo wimbo wake kila mtu nyumbani anaujua. Igeuzeni. Pigeni upande ambao haujapata kupigwa, mpaka mwisho, bila kuzungumza. Huenda msiupende, nyimbo nyingi za upande wa pili ziliwekwa huko kwa sababu nzuri. Lakini huenda pia mkakuta kitu ambacho mpigaji alikijaribu akiwa hajulikani, na ambacho baadaye kilimpa jina.

Mkikuta, niandikieni jina la wimbo na la bendi, pamoja na mwaka kama umeandikwa kwenye karatasi ya katikati. Nitakusanya majina hayo, na panapo majaliwa tutayazungumza hapa.

Kwaherini mpaka juma lijalo.